Amekataa, Yatosha

Baba yangu alikuwa mkalimani wa mahakama. Kwa zaidi ya miaka thelathini alisimama kando ya kizimba, mikono nyuma, akigeuza Kiswahili kuwa Kiingereza na Kiingereza kuwa Kiswahili, kisha alasiri akarudi kwetu mtaa wa Kibokoni, Mombasa, koo limemkauka. Kesi zenyewe hakutusimulia. Alisema ni siri za watu. Alichotuletea nyumbani ni maneno, hasa yale yaliyomshinda.

Lililomsumbua kuliko yote ni neno moja la Kiingereza ambalo mahakimu walipenda kulitamka wakati wa hukumu, wakimsema mtu aliyesimama mbele yao bila dalili ya majuto. Kwa Kiingereza ni hilo hilo moja, linatamkwa na kalamu inaendelea kuandika. Kwa Kiswahili ilimbidi baba achague, na achague papo hapo, watu wote wanamtazama mdomoni.

"Nikisema mkaidi," alitueleza mezani, mimi na ndugu yangu mdogo, "nimesema kaambiwa, kasikia, kakataa kusudi. Nikisema mbishi, huyo ana mdomo tu, kesho yuwaweza kukubali. Mjeuri ana dharau ndani yake. Mwenye inadi, huyo hata jambo lenyewe halitaki, ataka kukuudhi wewe. Na shupavu ni yule yule mkaidi, ila umempenda."

Kesi moja tu ndiyo aliyotusimulia. Alikuwa amemfasiria mchukuzi mmoja wa bandarini aliyekaa kimya tangu mwanzo hadi mwisho, haulizwi akajibu, haambiwi akatikisa kichwa. Hakimu alipolitamka lile neno, baba akasema mkaidi. Mama yake yule mtu akainuka kule nyuma akasema, "Si mkaidi huyo. Aogopa." Askari akamkalisha. Siku hiyo baba alirudi nyumbani na hakula.

Alipostaafu aliendelea kuyapima maneno barazani, na mtu wake wa kupimana naye alikuwa karani mmoja waliyefanya naye kazi mahakamani, Mkristo wa kutoka bara, aliyekuja Mombasa kijana na hakurudi tena kwao ila kwa mazishi. Kila Jumapili, akitoka kanisani, karani alipita kwetu na suti yake ya kijivu, akanywa chai ya tangawizi na kubishana na baba. Kwake yeye watu wote wasiosikia walikuwa na jina moja: kichwa ngumu. Akitaka kutia mkazo zaidi, alisema shingo ngumu.

"Kwanza ni kichwa kigumu," baba alimwambia. "Na pili, hujasema kitu. Kigumu kwa nini?"

"Kigumu ni kigumu, bwana mkalimani. Jiwe nalo utaliuliza kwa nini?"

Wakacheka. Walifanya hivyo miaka na miaka.

Mimi nilikuwa nimesharudi nyumbani. Ndoa yangu ilikuwa imekwisha, mama amefariki, ndugu yangu anafanya kazi Nairobi, na baba alihitaji mtu wa kumpimia sukari. Nilikuwa, na bado niko, katika ofisi ya wakala wa forodha karibu na bandari. Asubuhi nampikia baba uji, namdunga sindano yake, nakwenda kazini. Adhuhuri nampigia simu. Alasiri narudi. Siku zilifanana na sikuwa na neno nazo.

Alasiri moja nilipoingia niliona madoa mekundu kwenye sakafu ya ukumbi, moja mbele ya jingine, yameachana sawasawa, kutoka mlangoni hadi kwenye kiti chake. Baba alikuwa ameketi anasoma gazeti, makubadhi bado miguuni.

"Baba, watoka damu."

"Wapi?"

Nikapiga magoti nikamvua kubadhi la kulia. Msumari mdogo wa soli ulikuwa umechomoza juu, na ulikuwa umezama chini ya kidole gumba mpaka mwisho wake. Alikuwa nao tangu adhuhuri. Alitoka nao msikitini, akapita dukani, akasimama barazani kuamkiana na watu, akarudi nyumbani, kila hatua anaukanyaga.

"Sikusikia kitu," akasema, kama mtu anayetoa habari njema.

Kidonda hakikupona. Nilikiosha kila siku kwa maji ya chumvi na kukifunga bendeji. Baba alimwagiza jirani amletee dawa ya unga kwa mtu mmoja wa soko la Marikiti, nyuma ya wauza ndizi, akawa anajinyunyizia nikiwa kazini. Baada ya wiki tano kidole kilikuwa cheusi. Nikachukua ruhusa, nikampeleka hospitali.

Daktari wa upasuaji alikuwa mwanamke kijana, mtulivu, mwenye sauti ya chini. Alikibonyeza kile kidole kwa kalamu.

"Mzee, hiki kimekufa. Tukikiondoa sasa, mguu unabaki. Tukichelewa, siwezi kukuahidi mguu."

"Chaniuma?" baba akauliza.

"Hakikuumi kwa sababu mishipa ya hisia imeharibika. Ni sukari hiyo."

"Basi kisichoniuma wanikatia nini?"

"Mzee, hilo ndilo tatizo lenyewe."

"Hapana, mwanangu. Hilo ndilo jibu."

Alilisema kwa adabu kabisa. Daktari akanitazama mimi. Mimi nikatazama kile kidole. Nakumbuka kwamba nilikuwa nawaza kama gari la kurudia lingekuwa limeondoka.

Mgonjwa akikataa, hospitali humtaka atie sahihi. Muuguzi akaleta fomu, akajaza jina, umri, kisha kwenye mstari wa sababu akaandika neno moja kwa Kiingereza. Baba akaomba kuiona karatasi. Akavaa miwani, akasoma, na nikaona uso wake umebadilika, umechangamka kama nilivyokuwa sijauona kwa muda mrefu.

"Hili neno," akamwambia muuguzi, "wajua lina maana ngapi?"

"Mzee, ni fomu tu."

"Mimi nimelifasiri neno hili miaka thelathini. Wewe umenikusudia nini? Kwamba nimekusikia na nimekaidi? Au kwamba nabisha? Au wanambia sina akili?"

Nyuma yetu kulikuwa na foleni, na mwanamke mmoja mwenye mtoto mgongoni alianza kucheka polepole.

"Lifute," baba akasema. "Andika amekataa."

"Amekataa kwa sababu gani?"

"Amekataa, yatosha."

Muuguzi akafuta, akaandika hivyo kwa Kiswahili, na baba akatia sahihi yake ndefu yenye mkia, ile aliyokuwa akiitia mahakamani. Njiani alikuwa na furaha. Alinieleza tena na tena jinsi alivyomkamata yule muuguzi kwenye neno. Nilimwitikia.

Jumapili karani alipokuja alikwisha kusikia habari. Hakukaa. Alisimama mbele ya baba, kofia mkononi.

"Bwana mkalimani, kidole ni kitu gani? Unacho kingine tisa."

"Karani, kaa unywe chai."

"Mimi sitaki chai. Mimi nasema una kichwa ngumu."

"Kigumu," baba akasema, na akacheka. Karani safari hii hakucheka. Alikunywa chai amesimama, akaondoka.

Miezi miwili ikapita. Weusi ukapanda kutoka kidoleni ukaingia kwenye unyayo, na nyumba ikaanza kunuka. Nilifukiza udi asubuhi kabla ya kwenda kazini na alasiri nikirudi, na waliokuja kumtazama walisifu udi. Hakuna aliyesema jingine. Nilizoea kuosha kile kidonda bila kupumua kwa pua. Sikumgombeza baba, sikumbembeleza. Wanawake wa mtaani waliniambia nilie mbele yake, baba hawezi kustahimili machozi ya binti yake. Nilijaribu siku moja, nimekaa kando ya kitanda, lakini hayakutoka, na baba akaniuliza kama nasinzia.

Ndugu yangu akaja kutoka Nairobi kwa siku mbili. Alikaa na baba chumbani saa nzima, mlango umefungwa, nikadhani wanazungumza mguu. Nilipopeleka chai nikamsikia anamsimulia jinsi Kibarani, njia ya kuingilia mjini, ilivyobadilika, kwamba pale palipokuwa jaa la taka sasa pamepandwa miti, na baba anamuuliza miti gani. Alipotoka akaniambia, "Nimeshindwa, dada. Kila nikifungua mdomo ananipa heshima kama mgeni." Nilimwelewa.

Homa ilimshika asubuhi ya siku ya kazi. Nilimkuta anatetemeka, anasema maneno ya mahakamani, anamwambia mtu asiyekuwepo ainue mkono wa kulia. Majirani walinisaidia kumtoa kwenye kichochoro kwa kiti mpaka barabarani penye gari. Hospitali tulimkuta daktari yule yule. Alimfunua, akamfunika.

"Ni donda ndugu," akasema. "Sumu imeingia kwenye damu. Nahitaji kukata chini ya goti, leo, kabla ya adhuhuri. Yeye hawezi kujisemea sasa. Wewe ndiye mtu wake wa karibu?"

"Ndiyo."

"Utie sahihi hapa."

Nikampigia ndugu yangu. Nikasikia magari ya Nairobi nyuma yake.

"Dada, alishakataa," akasema. "Ulikuwepo. Akili yake ilikuwa nzima, alisoma, akatia sahihi. Ukitia yako juu ya yake umempindua."

"Atakufa."

"Najua. Lakini amesema hataki."

"Kwa hiyo nisitie?"

"Sisemi usitie. Nasema nini mimi? Wewe una kichwa kigumu kama yeye, utafanya unavyotaka."

Watu wameniuliza baadaye kwa nini nilifanya nilivyofanya. Wengine walisema ni mapenzi, wengine walisema ni ujasiri. Ukweli ni kwamba sikuwaza kitu. Daktari alikuwa amenyoosha mkono wenye kalamu, na mkono wake ulikuwa unangoja. Nikaipokea kalamu, nikaandika jina langu. Ilikuwa saa nne na robo asubuhi. Kisha nikapiga simu ofisini kusema sitakuja.

Ndugu yangu alifika jioni ile ile kwa treni. Mguu uliokatwa ulikuwa umefungwa kwa kitambaa cheupe, na ilibidi uzikwe. Aliubeba yeye, pamoja na watu wawili wa msikitini, wakaenda nao makaburini. Aliporudi alikaa karibu nami kwenye benchi.

"Nimeuzika," akasema.

"Haya."

Akavua viatu, akavikung'uta udongo.

Siku ya tatu baba akapata fahamu sawasawa. Alitazama shuka, mahali ambapo shuka liliinuka na mahali ambapo lililala. Hakupiga kelele. Akamuuliza muuguzi, "Nani?"

"Nani nini, mzee?"

"Nani alitia sahihi?"

"Binti yako, huyu hapa."

Baba akageuza uso ukutani. Kuanzia saa hiyo hakusema nami kwa miezi saba.

Nyumbani nilimuogesha, nikamdunga sindano, nikamfunga bendeji, nikamkalisha kwenye kiti cha magurudumu. Aliinua mkono nilipotaka ainue, akaushusha. Kwa majirani alikuwa na maneno mengi. Alihoji habari, alitania, aliuliza wagonjwa. Mimi nikiingia na trei alinyamaza mpaka nitoke. Ofisini walidhani ningekonda. Sikukonda. Nilikuwa kama mtu aliyetiwa sindano ya ganzi na daktari wa meno, anayeshika shavu lake na kuona ni la mtu mwingine. Nilikula, nilifanya kazi, nilijaza karatasi za mizigo bila kukosea.

Jumapili ndizo zilizokuwa na kazi, kwa sababu baba aligundua njia ya kunisemesha bila kusema nami. Alimtumia karani.

"Karani, mwambie huyo chai imepoa."

Karani alinitazama kwa huruma, nami nimesimama hatua tatu kutoka kwao. "Baba yako anasema chai imepoa."

"Mwambie naileta nyingine."

"Anasema analeta nyingine."

Miezi ikaenda hivyo, chai, mto, dirisha lifungwe. Karani hakuipenda kazi ile. Alikuwa mtu wa kuandika, na maneno ya watu yalimpotea kati ya sikio na mdomo. Jumapili moja niliingia kumwambia baba kwamba daktari anataka kumuona, kuna mguu wa bandia, watampima. Nilimwambia karani, karani akamwambia yeye.

"Mwambie siendi," baba akasema. "Na mwambie yale aliyonifanyia alinifanyia kwa inadi. Alingoja nisiwe na akili, akanionyesha kwamba la mwisho ni lake. Mwambie."

Karani akapangusa mdomo. Akanigeukia.

"Baba yako anasema una kichwa ngumu."

"Sikusema hivyo!" baba akafoka. Alishika mikono ya kiti kama anayetaka kuinuka. "Miaka yote hii, karani! Inadi, nimesema inadi!" Kisha akanitazama usoni, akaniambia mimi mwenyewe, "Nimesema ulifanya kwa inadi."

"Nimekusikia, baba," nikasema.

Karani aliweka kikombe chini bila sauti. Nadhani sote watatu tulijua kilichotokea, lakini hakuna aliyekigusa.

"Haikuwa inadi," nikamwambia.

"Ilikuwa nini?"

"Sijui."

"Lazima wajua. Mtu hutii, au hukaidi, au huonea huruma. Ulinionea huruma?"

Nilifikiri. Nilitaka kumpa jibu la kweli kwa sababu tangu hospitali hakuwa ameniuliza swali mpaka siku hiyo. "Sikusikia huruma," nikasema. "Sikusikia kitu chochote. Nilipewa kalamu, nikatia."

Nikaona midomo ya baba inajaribu hili na lile, kama alivyokuwa akifanya zamani mezani. Mwishowe akatikisa kichwa.

"Hilo sina neno lake," akasema. Kisha akaomba chai.

Tangu siku hiyo alisema nami kama kawaida. Uji umekuwa mzito, shati jeupe liko wapi, nani amekufa. Hakunishukuru, na hakunilaumu tena. Mguu wa bandia alikwenda kupimwa, akaukataa kwa sababu ulimbana, akabaki na kiti na magongo. Mara moja tu, nikimkata kucha za mguu uliobaki, aliniambia bila kunitazama, "Nilipokuwa nakataa, niliona kwamba najua ninachokataa. Niliona kabisa." Nikamaliza kucha.

Aliishi mwaka mmoja na miezi minne baada ya kukatwa mguu. Moyo ulimsimama asubuhi moja nikiwa naandaa sindano. Ndugu yangu alikuja kwa ndege, akamuosha pamoja na wanaume wengine, baba akazikwa kabla ya magharibi. Ndugu yangu alitaka azikwe karibu na ule mguu, lakini alipofika makaburini hakuweza kupakumbuka mahali penyewe, na waliochimba hawakuwa na nafasi ya kutafuta.

Nyumba ilijaa wanawake kwa siku tatu. Wote walimsifu. Ndugu wa mama yangu, ambaye wakati wa kidonda alisema baba amekuwa mkaidi kupindukia, alisema sasa kwamba hakuwahi kuona mtu shupavu kama yeye. Jirani mmoja alisema marehemu alikuwa mtu wa msimamo. Mwingine akasema alikataa kukatwa kwa sababu alimtegemea Mungu wake. Nilikuwa napitisha kahawa, nikawa nawasikia, na sikuwa na haja ya kumsahihisha yeyote. Nilipofika mlangoni nikasikia wananisema na mimi: hajalia hata chozi, roho ngumu huyu. Waliambiana kwa sauti ya chini, bila ubaya. Nikarudi na trei ya pili.

Karani alikuja siku ya tatu, akakaa nje barazani na wanaume, peke yake mwenye suti. Hakusema na mtu. Alipotaka kuondoka alinishika mkono kwa mikono yake miwili.

"Mama," akaniambia, "nitaendelea kuja Jumapili, kama huna neno."

"Sina neno, mzee wangu. Karibu."

Na anakuja. Mazungumzo yetu si mengi. Yeye ananiuliza kazi, mimi namuuliza magoti yake. Huwa tunasikia watu wakipita kichochoroni, na pengine mmoja wetu anasema nani huyo. Jumapili iliyopita hakutokea. Alinipigia kuwa mvua imeziba njia huko Makupa na gari haziendi. Nikamwambia apumzike. Nilikunywa chai peke yangu, nikaosha kikombe, nikatoa nguo zangu za kazi za Jumatatu nikazipiga pasi.